Kombora na ndege ya abiria: jibu kwa mama aliyekulia Changamwe

*"Shikamoo Mzee. Nimezaliwa na kukulia Changamwe, Mombasa. Novemba 2002 nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi ile makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Waisraeli iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka, na mchana askari wakajaa mtaani kwetu. Sijasahau mpaka leo. Sasa mume wangu anafanya kazi Doha na ametutumia tiketi, mimi na watoto wawili, tumfuate Desemba. Juni 2025, Iran ilipoirushia Qatar makombora, nilikesha na simu mkononi. Tangu siku hiyo nikisikia ndege inapita juu ya nyumba, tumbo linanikata. Nimesoma habari za ndege ya Malaysia iliyotunguliwa Ukraine na ile ya Azerbaijan. Kaka yangu anasema ndege kubwa za siku hizi zina mitambo ya kuzuia kombora. Mwenzangu kazini anasema ndege ya abiria ni kama kuku aliyefungwa miguu. Nani mkweli? Kombora moja latosha kuiangusha ndege? Niende au nibaki?"*

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ulipotaja umri wako. Mtoto wa miaka tisa aliyeona askari wakipekua vichaka vya mtaani kwao ana haki ya kuuliza swali hili akiwa mtu mzima, na haki ya kujibiwa bila kupuuzwa. Sitakuambia kwamba barabara ya Nairobi ni hatari zaidi kuliko ndege kisha nikakuacha hapo. Ni kweli, lakini sijaona mtu aliyeponywa hofu kwa kutajiwa hofu nyingine.

Nimefanya kazi ya kuongoza ndege miaka 26, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyolijua jambo hili kutoka upande wa mnara. Kaka yako amekosea. Mwenzako wa kazini yuko karibu na ukweli, ila anatazama mahali pasipo. Ndege ya abiria kweli haina ngao. Kinga yake haiko angani kabisa, iko ardhini, mikononi mwa watu wenye mamlaka ya kusema "anga hii imefungwa" na mwa kampuni zenye ujasiri wa kusema "sisi hatupiti hapo." Watu hao wakifanya kazi yao, kombora halimkuti mtu. Wakizembea, hakuna mtambo utakaookoa. Ukilishika hilo utajua cha kuuliza kabla hujapanda, na pia cha kuacha kukiogopa.

Tuanze na siku yako. Tarehe 28 Novemba 2002, ndege ya kampuni ya Arkia, Boeing 757, iliruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Moi kwenda Tel Aviv ikiwa na watu 271. Makombora mawili ya kurushwa begani yakafyatuliwa kutoka karibu na uwanja. Yalikuwa ya aina ya Strela-2, silaha ya Kisovieti iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Marubani walihisi mshindo, wakaona michirizi miwili myeupe ikipita ubavuni. Ndege haikuguswa. Walijadiliana watue wapi, wakaamua kuendelea na safari, na saa kadhaa baadaye wakatua Tel Aviv wakisindikizwa na ndege za kivita. Asubuhi hiyohiyo, Kikambala, gari lenye mabomu lililipuliwa kwenye hoteli ya Paradise. Wakenya 10 na Waisraeli 3 waliuawa, na miongoni mwa hao Wakenya walikuwemo wacheza ngoma wa Kigiriama waliokuwa wanawapokea wageni. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba makombora yale yaliingizwa Kenya kupitia Somalia.

Nakukumbusha hayo kwa sababu kumbukumbu ya mtoto huunganisha vitu. Moyoni mwako, ndege na maiti vimekaa pamoja. Lakini siku ile waliokufa walikufa chini, Kikambala. Waliokuwa angani walifika kwao wote.

Sasa, kombora la begani ni nini hasa? Ni bomba ambalo mtu mmoja anaweza kulibeba, na ndani yake mna kombora lenye jicho linalofuata joto. Injini ya ndege ni moto unaosafiri, na jicho lile huutafuta. Lakini silaha hiyo ina kikomo ambacho watu wengi hawakijui: haifiki juu. Hata zile mpya zaidi, kwa jumla, huishia kwenye futi 15,000 hivi. Ndege yako ikishatulia safarini itakuwa futi 35,000 au zaidi, zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo hatari ya silaha hii iko katika dakika chache baada ya kuruka na dakika chache kabla ya kutua. Ndiyo maana ulinzi dhidi yake ni kazi ya eneo linalozunguka uwanja: doria, polisi, na zaidi ya wote, wakazi wa Changamwe, Port Reitz, Chaani na Mikindani wenye macho. Nikiwa kazini, taarifa zilizotusaidia mara nyingi zilitoka kwa mama muuza mboga au kijana wa bodaboda aliyeona gari limeegeshwa mahali ambapo halikuwa na shughuli.

Umeuliza kama kombora moja latosha. Jibu la kweli ni kwamba inategemea kombora, na hapa ndipo habari za mitandaoni huchanganya mambo.

Kombora la begani hubeba baruti kidogo, kama kilo moja hivi. Nalo kwa kufuata joto mara nyingi hupiga injini au karibu yake, na ndege yenye injini mbili haipewi cheti mpaka ithibitishe kwamba inaweza kuruka kwa moja. Novemba 2003, ndege ya mizigo ya DHL, Airbus A300, ilitoka Baghdad kwenda Bahrain. Ikiwa futi kama 8,000 ikapigwa kombora kwenye bawa la kushoto. Bawa likawaka moto. Mafuta yote ya haidroliki, yale yanayosukuma usukani na mapezi ya mabawa, yakamwagika, na usukani ukafa kabisa. Hebu fikiria basi limekatika breki na usukani kwenye mteremko. Mle ndani walikuwa watu watatu. Wakagundua kwamba wakiongeza nguvu ya injini ya upande mmoja na kupunguza ya pili, ndege inageuka. Wakiongeza zote mbili inapanda, wakipunguza inashuka. Kwa njia hiyo pekee waliirudisha Baghdad, wakatua, ndege ikatoka nje ya njia na kusimama mchangani. Wote watatu walitoka wazima.

Sitaki kukuonyesha upande mmoja tu. Tarehe 10 Oktoba 1998, kule Kindu, Maniema, Boeing 727 ya Kongo ilitunguliwa na waasi kwa kombora la begani na watu 41 wakafa. Rhodesia (Zimbabwe ya leo), 1978 na 1979, ndege mbili za abiria ziliangushwa na silaha hiyohiyo. Na sisi wa ukanda huu hatuwezi kulitaja jambo hili bila kukumbuka jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipopigwa ikikaribia kutua Kigali, akiwemo ndani pia Rais Ntaryamira wa Burundi, na yaliyofuata Rwanda. Kwa hiyo kombora la begani huua. Ila kuna jambo moja linaziunganisha habari hizi: Kindu ilikuwa vitani, Baghdad ilikuwa vitani, Rhodesia ilikuwa vitani. Mombasa 2002 ni tukio la nadra kwa sababu lilitokea mahali pa amani.

Aina ya pili ya kombora ni nyingine kabisa, na hiyo ndiyo iliyoua abiria wengi zaidi katika miaka hii yetu. Haya ni makombora makubwa ya majeshi, yanayobebwa na malori au magari ya deraya na kuongozwa na rada. Hayatafuti joto la injini. Hulipuka karibu na ndege na kuimwagia vipande vya chuma. Ndege ya Malaysia uliyoisoma, safari namba MH17, ilipigwa na kombora la Buk tarehe 17 Julai 2014 mashariki mwa Ukraine. Ilikuwa futi 33,000 na watu 298. Kichwa cha kombora lile kina uzito wa kama kilo 70, na kililipuka juu kidogo ya chumba cha marubani, upande wa kushoto. Hapo hakuna rubani hodari wa kuokoa chochote. Kwa kombora la namna hii, ndiyo, moja latosha.

Sasa tazama nani hurusha makombora haya. Si mtu aliyejificha kichakani. Ni jeshi, au kikosi kilichopewa silaha za jeshi, na karibu kila mara anayebonyeza kitufe anaamini anaipiga ndege ya adui. Wewe unamwogopa mtu mwovu. Historia inatuambia tumwogope zaidi mwanajeshi aliyechoka, mwenye hofu, anayetazama kidoa kwenye rada na kupewa sekunde chache za kuamua.

Nikupe mfano wa Tehran. Usiku wa kuamkia tarehe 8 Januari 2020, Iran ilirusha makombora kwenye kambi zenye wanajeshi wa Marekani nchini Iraq, kisha ikakaa ikisubiri kulipiziwa. Vikosi vyake vya ulinzi wa anga viliwekwa tayari. Lakini uwanja wa ndege wa Tehran haukufungwa. Saa chache kabla, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilizikataza ndege za Marekani kupita anga ya Iran. Ndege ya Ukraine, safari namba PS752, ilichelewa karibu saa nzima kwa sababu nahodha aliona imezidi uzito na mizigo mingine ikashushwa. Watu walikaa vitini wakisubiri masanduku yateremshwe. Iliruka saa 12 na dakika 12 asubuhi. Dakika chache baadaye, askari wa kikosi cha Tor, mtambo wa kijeshi wa kurushia makombora yanayoongozwa na rada, akarusha kombora, kisha la pili. Kwa maelezo ya Iran yenyewe, mtambo ule ulikuwa umehamishwa na haukusetiwa upya kuelekea kaskazini, kwa hiyo ndege iliyokuwa inatoka uwanjani ilionekana kwenye kioo kama inatoka upande mwingine. Askari alijaribu kuwasiliana na wakubwa wake, hakuwapata, akarusha. Watu 176 walikufa. Ndege nyingine zilikuwa zimeruka salama asubuhi hiyohiyo.

Makosa ya namna hii si mapya. Tarehe 3 Julai 1988, ndege ya Iran Air ilitoka Bandar Abbas kwenda Dubai, safari ya nusu saa tu, ambayo wengi wa ndugu zetu wa Ghuba wanaifahamu vizuri. Manowari ya Marekani, Vincennes, ikaidhania ni ndege ya kivita inayoshuka kuishambulia. Kumbe ilikuwa inapanda. Manowari ilikuwa imeiita kwenye redio, mara nyingi kwa masafa ya kijeshi ambayo ndege ya abiria haiyasikilizi, na rubani wakati huo alikuwa anaongea na waongoza ndege kama kawaida. Wakafa watu 290, na 66 kati yao walikuwa watoto. Mimi niliyeshika kipaza sauti miaka yote ile, kila nikilifikiria tukio hilo nasikia ile sauti ya rubani mtulivu akijibu mnara, asijue kuna mtu mwingine anayemwita.

Ile ya Azerbaijan ya tarehe 25 Desemba 2024 ni ndugu yao. Ilikuwa inaelekea Grozny, Urusi, wakati droni za Ukraine zinashambulia eneo hilo na ulinzi wa anga wa Urusi unafyatua. Ilijeruhiwa angani, ikapoteza haidroliki kama ile ya Baghdad, marubani wakaivusha Bahari ya Kaspi mpaka karibu na Aktau, Kazakhstan. Ilianguka, watu 38 wakafa, lakini 29 walipona. Marubani wote wawili walikufa. Oktoba 2025 Rais wa Urusi mwenyewe alikiri kwamba makombora ya nchi yake yalilipuka karibu na ndege ile.

Rudi sasa kwenye hoja ya kaka yako. Mitambo ya kuzuia kombora ipo kweli. Baada ya Mombasa, Israel iliamua kuzifunga ndege zake mitambo hiyo, na ya kisasa hutumia miale ya leza kulipofusha jicho la kombora. Marekani nayo ilifanya utafiti wa miaka kadhaa ikaona gharama ya kuzifunga maelfu ya ndege ni kubwa mno. Kwa hiyo ndege utakayopanda, kwa uwezekano mkubwa kabisa, haina. Lakini sikiliza vizuri: mitambo ile inamdanganya mfuata joto tu. Kwa Buk au Tor, zinazoongozwa na rada, haifui dafu. MH17 ingekuwa nayo, ingeanguka vilevile. PS752 vilevile. Ndiyo maana sioni sababu ya mtu kuhangaika kuulizia mtambo.

Kinachookoa ni kufunga anga. Kwa mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa unaosimamia usafiri wa anga, kila nchi ndiyo mwenye anga yake, na ni jukumu lake kuifunga penye hatari. Tatizo ni kwamba nchi haipendi kufunga. Kila ndege inayopita hulipa ada, na kufunga ni sawa na kutangazia dunia kwamba umeshindwa kuimiliki ardhi yako. Ukraine ilifunga anga ya mashariki mpaka futi 32,000 siku tatu kabla ya MH17, baada ya ndege za kijeshi kutunguliwa. MH17 ilipita futi elfu moja juu ya mpaka huo, kihalali kabisa. Siku ile, ndege 160 za abiria zilipita eneo hilo kabla ya anga kufungwa yote. Wachunguzi wa Uholanzi walisema wazi mwaka 2015 kwamba Ukraine ilikuwa na sababu ya kutosha kuifunga mapema. Na mimi naongeza, kwa uchungu: kampuni zile nazo zilikuwa na ramani, zilikuwa na habari, zikaona njia fupi.

Kampuni hazikwepi lawama. Juni 2024, mahakama ya Ontario, Canada, iliamua katika kesi ya familia za PS752 kwamba kampuni ya ndege yenyewe ilizembea kwa kutopima hatari kabla ya kuruka, hata kama aliyerusha kombora ni mwingine. Naiona hukumu hiyo kuwa na uzito kuliko mitambo yote ya leza, maana sasa meneja anayepanga njia anajua kwamba neno "uwanja ulikuwa wazi" halitamtosha mahakamani.

Kwa mwanga huo, hebu tuutazame upya usiku wako wa Juni 2025. Wewe uliona makombora yakirushwa kwenda Qatar ukahesabu hatari. Mimi nilitazama kitu kingine. Tarehe 23 Juni, kabla kombora halijafika Al Udeid, kambi yenye wanajeshi wa Marekani nchini humo, Qatar ilikuwa tayari imefunga anga yake. Ndege zilizokuwa njiani kwenda Doha ziligeuzwa, zikatua viwanja vingine. Majirani kadhaa nao wakafunga. Abiria walilala sakafuni viwanjani, watoto wakalia, watu wakakosa safari za kuunganisha. Kisha anga ikafunguliwa na hakuna hata ndege moja ya abiria iliyoguswa. Iran yenyewe, iliyoacha anga wazi Januari 2020, safari hii iliifunga tangu vita vilipoanza tarehe 13. Usiku ule ulikuwa mbaya kwa abiria, lakini ndivyo kinga inavyofanya kazi.

Kuhusu njia yako. Kutoka Mombasa kwenda Doha ndege huelekea kaskazini, ikapita Somalia au pwani yake, ikavuka Ghuba ya Aden, ikaingia Bara Arabu. Haina haja ya kuingia anga ya Iran. Somalia ndiyo itakayokutia wasiwasi, nami sitakuficha: Mei 2020, ndege ndogo ya kampuni ya Kenya iliyobeba vifaa vya kupambana na Korona ilitunguliwa Bardale ikikaribia kutua, na watu sita wakafa, wanajeshi wa Ethiopia waliokuwa pale waliidhania ndege ya kujitoa mhanga. Lakini ile ilikuwa chini, inatua. Marekani imezikataza ndege zake kuruka chini ya futi 26,000 juu ya Somalia, na sababu ni ileile niliyokueleza, kwamba silaha zilizoko kule hazifiki juu. Ndege yako itakuwa juu sana ya hapo.

Basi niende au nibaki? Nenda. Kama ungekuwa binti yangu wa kumzaa ningekusindikiza mpaka mlangoni. Ila usiende kwa kufumba macho. Ikiwa tiketi ina safari ya kuunganisha, uliza ni kampuni gani hasa itakayokubeba katika kila kipande, maana siku hizi tiketi huuzwa na mmoja na ndege ikawa ya mwingine. Fungua programu ya kufuatilia ndege kwenye simu, andika namba ya safari yako, utazame njia iliyopita kwa wiki nzima. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya huchapisha bure kwenye tovuti yake maonyo ya maeneo ya vita. Kama kampuni yako inapita pale ambapo Ulaya imesema pasipitwe, hiyo ni sababu ya haki ya kubadilisha tiketi. Na kama vita vikiwaka upya Ghuba wiki ya safari yako, usingoje kuambiwa. Ahirisha, hata ukitozwa. Bima nyingi za safari hazilipi hasara itokanayo na vita, kwa hiyo kabla hujasaini, nenda ofisini kwa wakala, kaa naye, akuonyeshe kwa kidole ukurasa unaozungumzia vita.

Nimeliacha tumbo lako mwisho kwa makusudi, kwa sababu maelezo yangu hayatalitibu. Kukatwa na tumbo kila ndege ikipita, kukesha, na kumbukumbu ya utotoni inayorudi, hayo ni mambo ya kukaa uso kwa uso na mtu aliyesomea. Nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili au mshauri nasaha, umweleze Novemba 2002 yote, kuanzia asubuhi. Fanya hivyo sasa, usingoje Desemba, maana vikao kadhaa vinahitaji wiki kadhaa. Kama moyo unakwenda mbio na kifua kinabana, mwone daktari upesi zaidi, apime na moyo wenyewe. Wala usinywe dawa ya usingizi ya kupewa na jirani ili uvumilie safari. Una watoto wawili wa kuwaangalia mle ndani.

Siku yenyewe ikifika, ukafika kaunta ukaambiwa ndege itachelewa saa nne kwa sababu kuna anga imefungwa na wanapangiwa njia ndefu, watu watafoka. Wewe watafutie watoto pa kukaa, uwanunulie chakula, na umpigie mume wako umwambie asitoke nyumbani kwanza.